Mume yuko Yiwu anataka tumfuate: watoto wa miaka 6 na 12 tuwapeleke shule gani China?

Mama Wawili (mtoa mada)
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoishi China na familia.

Mume wangu ana miaka kadhaa yuko Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Ananunua na kukagua mizigo ya wateja wa Kariakoo pale soko la Futian, anapakia kontena, anatuma. Sasa amepanga nyumba kubwa kidogo na anataka tuhamie. Tuna binti wa miaka 6 yuko la kwanza, na kaka yake wa miaka 12 yuko la sita, shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar.

Shule za kimataifa tulizoulizia zinataka zaidi ya yuan laki moja kwa mwaka kwa mtoto mmoja, hizo hatuziwezi. Mume anasema waingie shule ya serikali ya Wachina kama watoto wa jirani yake Myemeni. Mimi roho inasita, hasa kwa huyu mkubwa. Mama mkwe anasema niwaache wote kwake Tanga. Namheshimu sana, lakini watoto wamemkosa baba yao muda mrefu na sipendi wanikose na mimi.

Je, huko wanafundishwa kwa Kichina tangu siku ya kwanza? Mkubwa nifanye naye nini? Na chakula cha shule, maana sisi ni Waislamu?

Kontena Futi 40
Dada, shule iweke pembeni kwanza. Mumeo ana visa gani? Wengi wetu wa biashara tunaingia na visa ya M, na hiyo haikupi haki ya kuleta familia kuishi. Awe na visa ya Z na kibali cha ukaazi cha kazi, ndipo wewe na watoto mnaomba S1, visa ya familia ya kukaa muda mrefu. Mkishaingia mnayo siku 30 za kwenda polisi, idara ya uhamiaji, kuomba vibali vyenu vya ukaazi. Akikuambia mje na S2 "halafu tutaona", kataa. Ile ni ya kutembelea, mwisho siku 180, na shule ya serikali itakuomba kibali cha ukaazi.

Anzeni nyaraka sasa hivi: cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa China. Angalia majina herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema Mohamed na pasipoti inasema Mohammed, rekebisha ukiwa Dar. Ukiwa huku, herufi moja inaweza kukuzungusha mwezi mzima.

Na mkifika tu, ndani ya saa 24 mjiandikishe kituo cha polisi cha mtaa mnapoishi. Ile karatasi itunze, shule nayo wataitaka.

Mama wa Foshan
Mama Wawili karibu, mimi nina watoto wawili shule ya serikali. Nitaongelea huyo mdogo kwa sababu ndiye ninayemjua vizuri, wangu aliingia akiwa umri huohuo.

Huko darasa la kwanza wanaingia waliotimiza miaka 6 kufikia tarehe 31 Agosti, na mwaka unaanza 1 Septemba. Kwa hiyo binti yako yuko pale pale panapotakiwa. Ndiyo, ni Kichina tangu kengele ya kwanza. Lakini wiki za mwanzo wanafundishwa pinyin, yaani matamshi kwa herufi zetu hizi a, b, ch, na mtoto aliyekwishajua kusoma Kiswahili anapata pa kushika. Kuongea hakumsumbui mtoto mdogo. Wangu mwaka haukuisha alikuwa ananitafsiria sokoni.

Kazi iko kwenye kuandika. Mtaala wao unataka mtoto akimaliza la pili awe anatambua herufi za Kichina kama 1,600 na kuandika kama 800. Kila moja ina mpangilio wa mistari, upi unaanza na upi unafuata, na inaandikwa ndani ya kisanduku kilichogawanywa sehemu nne kwa nukta. Ikitoka nje ya kisanduku inafutwa. Halafu kuna imla: mwalimu anasoma, wao wanaandika, na nyumbani mzazi anatakiwa kumsomea tena. Wewe hujui Kichina utamsomeaje? Mimi nilimpata binti wa chuo jirani, jioni anakaa nao mezani, anawasomea, anasahihisha. Bila mtu wa namna hiyo mtoto atakwama, na utadhani hana akili kumbe hana wa kumsomea.

Usiogope sana hadithi za watoto wa Kichina kusoma hadi usiku wa manane. Tangu 2021 serikali yao imezuia kazi za kuandika nyumbani kwa la kwanza na la pili, na la tatu hadi la sita zisizidi dakika 60. Pia shule zina huduma ya kubaki na watoto jioni hadi muda wa watu kutoka kazini, inatusaidia sana sisi wa madukani.

Jambo jingine, kikundi cha darasa cha WeChat, ile WhatsApp ya Wachina. Mwalimu wa darasa anatuma kila kitu pale, tena usiku: kesho waje na gundi, kesho sare ya michezo, saini hapa. Bonyeza ujumbe ushikilie, itakuja sehemu ya kutafsiri. Usipousoma mtoto wako ndiye anayesimama peke yake asubuhi bila gundi.

Chakula: mwone mwalimu wa darasa siku ya kwanza, mwambie hamli nguruwe. Wachina wenyewe wana Waislamu, Wahui na wengine, hatashangaa. Lakini jikoni ni kumoja na mafuta yanaweza kuwa ya nguruwe, kwa hiyo omba kumfungia chakula cha nyumbani. Mimi nafunga wali na maharage kwenye chupa ya moto, na siku zote wamenikubalia.

Mkazi wa Sanyuanli
Nakubaliana na mama wa Foshan kuhusu mdogo. Huyo wa miaka 12 msimlete, nawaombeni. Nimeona vijana wa rafiki zangu hapa Guangzhou. Umri wake wenzake wanamaliza la sita, wanajua herufi 3,000. Miaka mitatu mbele kuna zhongkao, mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na hata Wachina wenyewe wengi hawapati nafasi ya sekondari ya kawaida, wanapelekwa shule za ufundi. Mtoto wako atakaa darasani akiangalia ubao asioweza kuusoma. Hisabati atajitahidi, mengine yote hapana. Mwisho anakaa dukani na baba yake akiwa na miaka 15.

Niliyesoma Huko
Mkazi wa Sanyuanli, umesema kweli ila si yote. Mimi nililetwa nikiwa na miaka 11. Shule ilinirudisha madarasa mawili nyuma, na mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu: sina rafiki, wananishika nywele kila siku, mwalimu ananiruka kwenye maswali kwa kunihurumia. Lakini nilisoma, nikafanya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, sasa niko chuo kikuu hapahapa nikiwa mwanafunzi wa kimataifa na masomo yote ni kwa Kichina.

Tofauti yangu na vijana unaowasema ni kwamba mimi niliulizwa. Baba alinikalisha akaniambia utarudi nyuma, utachekwa, uko tayari? Mama Wawili, hujatuambia kijana mwenyewe anasemaje. Ana miaka 12, muulize. Akikubali, aanze Kichina Dar kabla ya safari, na umtafutie shule itakayokubali kumrudisha la nne. Nyingine hazipendi mtoto mkubwa katikati ya wadogo, mtazunguka. Akikataa, usimlazimishe, kwa sababu hizo herufi hazisomeki kwa kulazimishwa.

Mwalimu wa Msingi
Naongeza la upande wa nyumbani. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na mwaka wa Wachina unaanza Septemba. Ukimtoa sasa hana cheti cha huku wala hajaanza cha huko. Mwacheni amalize la saba. Akifaulu ana nafasi yake ya kidato cha kwanza Januari, na uamuzi wa kwenda au kubaki ataufanya akiwa na kitu mkononi. Desemba akiwa likizo Wachina bado wako darasani, basi aende akaone shule yenyewe kwa macho yake, amsindikize mdogo wake asubuhi.

Na huyo binti, tafadhali msomeeni Kiswahili nyumbani. Siku mkirudi akiwa la nne, hapa atakutana na Kiswahili na Kiingereza cha darasani, siyo cha kuongea tu. Beba vitabu vya kiada vya la kwanza hadi la nne, ni vyepesi.

Mama Wawili (mtoa mada)
Ahsanteni sana wapendwa, Mungu awalipe. Nimempigia mume. Visa yake ni M, kampuni ndiyo anaisajili, na kibali cha kazi kinasubiri hapo. Kwa hiyo hatuji mwaka huu. Kijana nimemuuliza jana usiku. Amesema anataka kumaliza la saba na wenzake, halafu ndiyo afikirie. Atakaa kwa bibi yake, na mama mkwe amefurahi mno. Mimi na binti tutasubiri kibali cha baba yake kitoke.

Naomba nimalizie na moja: kadi ya kliniki ya binti, ile ya chanjo, wataitaka?

Mama wa Foshan
Wataitaka, shule zote zinakagua chanjo. Usiipoteze, itafsiriwe Kichina, halafu mkifika mpeleke kituo cha afya cha mtaa wenu. Watailinganisha na ratiba yao, chanjo zinazopungua watamchoma, na watamfungulia kitabu chao. Shule inaangalia hicho.

Kontena Futi 40
Na mwambie shemeji aende ofisi ya elimu ya wilaya mapema, mwezi wa tatu au wa nne, na mkataba wa pango mkononi. Shule ya serikali inapangwa kulingana na mtaa mnaoishi. Karo ya ile miaka 9 ya lazima ni bure kwa wenyeji, kwa wageni kila wilaya ina utaratibu wake, aulize hapohapo. Kama bado hajasaini pango la mwaka ujao, achague kwanza shule, nyumba ifuate.