Kichocheo cha shaba kinaishia kutoa hidrojeni tupu

Swali: Wakuu, nageuza kaboni dioksidi kwa umeme. Katodi (elektrodi hasi) ni bamba la shaba, elektroliti (maji ya chumvi yanayopitisha umeme) ni bikaboneti ya potasiamu 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), volti -1.0 dhidi ya RHE (elektrodi rejea ya hidrojeni). Metani na ethilini zinaanza vizuri, ila nusu saa haiishi zimeporomoka na hidrojeni imetawala. Shaba imekufa?

Jibu: Haijafa, imefunikwa. Chumvi za maabara, hata zile safi, hubeba chembe za chuma na zinki. Kwenye volti hiyo zinaganda juu ya shaba, na chuma hasa kinapendelea hidrojeni. Mkemia Hori na wenzake walilionyesha hili mwaka 2005. Isafishe elektroliti kwanza: tumbukiza elektrodi mbili za platinamu, pitisha mkondo mdogo sana usiku kucha. Muhimu: toa elektrodi hizo majini wakati umeme bado unapita. Ukizima kwanza, uchafu unayeyuka na kurudi majini, kazi yote bure.

Jibu: Anodi (elektrodi chanya) yako je? Kama ni platinamu na hakuna utando wa kuitenga na katodi, inayeyuka kidogo kidogo na kuhamia kwenye shaba. Dalili ni zilezile.

Muuliza swali: Anodi ni platinamu kweli, ila utando upo.

Jibu: Basi anza na chumvi. Pima pia pH baada ya kupitisha gesi ya kaboni dioksidi: iwe karibu 6.8. Ikibaki juu ya 8, gesi haijajaa kwenye elektroliti. Na bamba ling'arishe upya kwa umeme ndani ya asidi ya fosforiki (H3PO4) 85% kila unapoanza. Uchafu ulioganda hautoki kwa kusuuza.