Mrejesho: mradi wa afya ya meno kwa watoto wa chekechea, Likoni

Niliuliza vipi wanafunzi sita wagawane kazi ya kufundisha usafi wa kinywa bila kukanyagana. Shukrani kwa mliojibu.

Kugawana kwa vituo kumefaa kuliko kwa mada: wawili meza ya mswaki, wawili vyakula, mmoja fomu za idhini za wazazi, mmoja kushika saa. Wote wakihutubia, watoto wanasinzia.

Meza ya mswaki ndiyo yenye kazi. Dawa ya meno iwe na floridi (madini yanayokinga meno yasioze), ppm, yaani sehemu kwa milioni, 1000 hadi 1500 (soma ubavuni mwa tyubu), kiasi cha punje ya njegere kwa miaka 3 hadi 6. Nyuzi zielekee ufizini, dakika 2, kisha kutema bila kusukutua ili floridi ibaki menoni. Hapo ndipo panapoharibika: maji yakiwa karibu, watasukutua tu. Ondoeni vikombe mezani.

Aliyeshauri rangi ya kuonyesha ukoga, ushauri mzuri, ila ipakwe asubuhi mapema. Baada ya mapumziko vinywa vishakuwa vyekundu kwa mabuyu na hujui rangi ipi ni ipi. Mabuyu yenyewe tumeyaweka meza ya vyakula: sukari inayomumunywa saa nzima huwapa bakteria nafasi ya kutoa asidi mfululizo. Afadhali yaliwe mara moja, pamoja na chakula.

Wanaotumia mswaki wa mti waachwe nao. Ncha ikichakaa ikatwe, itafunwe upya.

Fomu bado zinachelewa. Sasa zinatolewa wazazi wanapokuja kuwachukua watoto, si kutiwa mkobani.