Kiyoyozi kimoja, mafundi watatu, gesi mara tatu: mafundi wa Dar es Salaam, mnatuonaje?

Wakuu, heshima kwenu.

Ninaishi Kunduchi, si mbali na bahari, na katika chumba anacholala mama yangu mzazi nilifunga kiyoyozi cha BTU 12,000 ambacho hakijatimiza hata miaka miwili. Tangu Novemba hadi Machi hii, miezi ambayo mkazi yeyote wa jiji hili anajua joto lake, kimejazwa gesi mara tatu na mafundi watatu tofauti, kila mmoja akinitoza shilingi 80,000, na leo asubuhi kimeanza tena kupuliza upepo wa vuguvugu. Hizo ni shilingi 240,000 zilizopotelea hewani, na ninaposema hewani sisemi kwa mafumbo.

Kinachoniudhi zaidi ya fedha ni kauli waliyoitoa wote watatu kana kwamba walikaa dawati moja: "Bosi, gesi imeisha." Gesi ya kiyoyozi haiishi. Haiungui kama petroli wala haitumiki kama uniti za LUKU. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani, inalitoa nje, kisha inarudi kuanza upya, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, ama haikujazwa ya kutosha siku ya kufungwa, ama kuna mahali inapovujia, na fundi aliyeisomea kazi yake analijua hilo kabla hajashuka kwenye bodaboda. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na hapa mchukuzi ni yeye anayelipwa kila linapovuja.

Hakuna hata mmoja aliyekuja na mizani. Kibao kilichobandikwa kwenye mashine ya nje kinaeleza aina ya gesi, R410A, na uzito wake kwa gramu, lakini fundi wa pili aliamua kwamba "imetosha" kwa kulishika bomba kwa kiganja na kusikilizia ubaridi wake. Wa tatu alileta mtungi usio na maandishi yoyote. Nilipomuuliza ni gesi gani akajibu kwamba gesi zote ni sawa, ilhali R410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kuliko R22 ya zamani, hata mafuta ya kompresa zake, yaani pampu zinazoisukuma gesi, si ya aina moja, na kuzichanganya ni kuiua mashine taratibu. Nilipaswa kumfukuza papo hapo. Sikumfukuza, kwa sababu mama alikuwa hajalala usiku mbili.

Aliyegundua tatizo ni kijana wa jirani anayesoma ufundi wa majokofu na viyoyozi VETA. Alichukua sifongo na maji ya sabuni, akapaka kwenye viungio vya mabomba nyuma ya mashine ya nje, na nati moja ikaanza kutoa mapovu. Pembeni yake palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi, dalili kwamba gesi imekuwa ikitokea hapo kwa muda mrefu, maana hutoka na mafuta ya kompresa. Doa hilo liko chini ya shubiri moja kutoka mahali ambapo wale watatu walifunga mpira wa geji zao! Mmoja wao alisingizia chumvi ya bahari. Ni kweli chumvi hula koili za mashine ya nje kwa sisi tunaokaa ufukweni, lakini nati hii haijaliwa na kitu. Ilikazwa ovyo siku ya kufungwa, na duka lililofunga sasa halipokei simu zangu.

Nami sijitoi lawamani. Mara ya kwanza, bomba lilipoganda barafu, niliita fundi kabla ya kufungua hata kifuniko cha mashine ya ndani, na chujio lilikuwa limevaa vumbi kama blanketi. Kuliosha kwa maji na kulianika kivulini ni kazi ya dakika chache ambayo haihitaji fundi, na ningeifanya kwanza ningejua kwamba barafu iliyoganda kwenye bomba haikuletwa na vumbi. Barafu ikirudi wakati chujio ni safi, hapo ndipo pa kumwita mtu. Mambo ya umeme sithubutu kabisa: swichi kuu ikijikata mara kwa mara, kukiwa na harufu ya kuungua, au kompresa ikinguruma bila kuwaka, ninazima na kukaa mbali, kwa sababu kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme ndani ya mashine, hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa na imewahi kuwarusha wajuaji wengi kuliko mimi.

Kijana yule hakukubali kuikaza nati na kuongeza gesi juu juu, ingawa nilimsihi, kwa kuwa hana vifaa vya kuimaliza kazi. Kwa hiyo ninamtafuta fundi atakayekuja na mtungi wa naitrojeni wa kupimia uvujaji, pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba, na mizani. Nitamlipa hata kwa saa atakazotumia kutafuta tu. Atakayeanza kwa kunitajia bei ya gesi asijisumbue kupanda gari la Kunduchi.