Matairi ya A/T kwa gari la lami ya Nakuru na matope ya Kuresoi

Daktari_wa_Keringet aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni daktari wa mifugo. Ninaishi Nakuru mjini, lakini wateja wangu wengi wako Keringet, Kiptagich na Olenguruone, ambako ng'ombe aliyeshindwa kuzaa hangoji mvua ikatike. Gari langu ni Prado ya J120 yenye matairi ya 265/65R17 ya barabara kuu, yale yanayoandikwa H/T, nayo sasa yanakaribia kuwa kipara.

Nikipiga hesabu ya mwezi, robo tatu ya kilomita zangu ni za lami, ikiwemo safari ya Kisumu mara mbili kupitia Mau Summit na Kericho. Robo iliyobaki ndiyo inayoniumiza, kwa maana ni njia za mashambani zenye udongo mwekundu ambao kuanzia Machi hadi Mei huteleza kama mrenda. Aprili iliyopita nilivutwa na trekta mara tatu, na mara ya mwisho mwenye trekta hakutaka pesa. Alitaka ndama wake wawili wachanjwe, nikawachanja papo hapo nikiwa nimejaa tope hadi magotini.

Muuzaji mmoja mjini ananishauri nichukue A/T (matairi ya lami na njia mbovu pia) za 265/70R17 za plai 10 (kipimo cha uimara wa tairi), akisema ni ndefu na ngumu zaidi, hivyo nitasahau mambo ya kukwama. Je, anasema kweli? Na je, kelele na matumizi ya mafuta vitanisumbua kiasi gani kwenye safari za Kisumu?

Fundi_Nyamasaria alijibu:

Daktari, pole kwa kazi na pole kwa trekta. Nitaanza na ukubwa wa tairi, kwa kuwa hapo ndipo nimeona wateja wengi wakipoteza pesa.

Tairi la 265/65R17 lina kimo cha milimita 776 hivi, na la 265/70R17 lina milimita 803. Tofauti hiyo ya milimita 27 huonekana kubwa matairi yakisimamishwa bega kwa bega dukani, lakini ekseli hupanda kwa nusu yake tu, yaani milimita 13 hivi, na hiyo ndiyo nafasi yote ya ziada ambayo difu yako (kasha la gia lililo katikati ya ekseli) itapata juu ya jiwe au tuta la katikati ya njia. Gharama yake ni kwamba kila mzunguko wa gurudumu hukupeleka asilimia 3.4 mbele zaidi, kwa hiyo mshale wa mwendo utasoma pungufu ya ulivyokuwa ukisoma zamani, injini itasikia uzito unapopanda kutoka Awasi kwenda Kericho, na ukikata usukani hadi mwisho tairi linaweza kukwaruza madigadi. Kwa kazi uliyoieleza, ningebaki na ukubwa wa kiwandani bila kusitasita.

Kuhusu plai 10, tazama namba inayofuata ukubwa kwenye ubavu wa tairi. Ikiwa ni 112, tairi moja hubeba kilo 1,120. Ikiwa ni 120, hubeba kilo 1,400. Prado yako ikijaa watu, dawa na jokofu la chanjo, uzito wake wote haufiki tani tatu, kwa hiyo matairi manne ya 112 yanautosha na kubakiza. Tairi la plai 10, ambalo kwa kawaida huwa na herufi LT mwanzoni mwa maandishi yake, lina ubavu mnene unaostahimili mawe makali kama yale ya volkeno yaliyomo katika kreta ya Menengai. Lakini ni zito, hutikisa abiria, tena huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule. Kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wako kiliwekwa kwa ajili ya tairi la kawaida. Ukikitumia hichohicho kwenye LT, utakuwa unaendesha tairi lililolegea, na tairi lililolegea kwenye lami hupata moto. Kuresoi kuna tope zaidi kuliko mawe, kwa hiyo sioni sababu ya wewe kubeba uzito huo.

Kelele utaisikia, ingawa A/T za siku hizi si kama za zamani. Inayoudhi kweli ni ile inayotokea baadaye, meno yakilika kwa mshazari kwa sababu matairi hayakuhamishwa nafasi. Yahamishe kila kilomita 8,000 hadi 10,000 na upime alaimenti siku hiyohiyo. Mafuta yatapanda kidogo. Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni breki kwenye lami iliyolowa, kwa kuwa A/T nyingi huchelewa kusimama kuliko H/T nzuri, nawe unapita Salgaa katikati ya malori. Ongeza nafasi kati yako na aliye mbele.

Jambo moja zaidi: usije ukanunua mawili sasa na mawili mwisho wa mwaka. Prado nyingi za aina yako huendesha magurudumu manne wakati wote, na matairi yenye vimo tofauti huilazimisha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi bila kupumzika. Halafu, kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilipotengenezwa. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa limezeekea ghalani.

Mkulima_Kano alijibu:

Fundi amesema vema kuhusu ukubwa, ila naomba wasomaji wa huku nyanda za chini wasije wakadhani kwamba A/T ni dawa ya kila tope. Mimi nalima mpunga karibu na Ahero. Udongo wetu mweusi ukilowa hujaza nafasi zote kati ya meno ndani ya mizunguko michache, na tairi linabaki laini kama mchi wa kinu. Hapo A/T ya bei ghali na H/T iliyochakaa hulala shambani pamoja. M/T, yaani matairi ya matope, hufanya vizuri zaidi, kwa sababu nafasi zake ni pana na gurudumu likizunguka kwa kasi hutupa tope nje, lakini sitamshauri mtu mwenye robo tatu ya safari zake kwenye lami ajitwike mngurumo wa M/T hadi Kisumu na kurudi.

Wazee wetu wenye Land Cruiser za 7.50R16 bado hutushinda kwa tairi jembamba, ambalo hukata tope hadi kufikia udongo mgumu wa chini badala ya kuelea juu yake. Nalisema hili kwa sababu vijana wengi hudhani kila tatizo hutatuliwa na tairi pana.

Daktari, udongo wako mwekundu ni afadhali. Huteleza juu, lakini chini yake ni mgumu, na hapo meno ya A/T hupata pa kushika. Kwako ningezinunua.

Msafiri_wa_Kitale alijibu:

Ninapanda Mlima Elgon mara kwa mara kupitia lango la Chorlim, na nadhani wote mmeruka jambo ambalo halina gharama kubwa: upepo. Daktari, mara hizo tatu ulizovutwa na trekta, ulipunguza upepo hata mara moja? Mimi nikiacha lami wakati wa mvua hushusha matairi hadi psi 22 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), na mahali pabaya kabisa hadi 18, nikienda mwendo wa mtu anayekimbia na bila kukata kona kwa ghafla, kwa maana tairi lililolegea kiasi hicho linaweza kutoka kwenye rimu. Tairi likishuka, sehemu inayogusa ardhi hurefuka mbele na nyuma, na meno mengi zaidi hushika kwa wakati mmoja. Nimewahi kupita kwa H/T mahali ambapo jirani yangu mwenye A/T mpya zilizojaa upepo alibaki akizungusha magurudumu.

Sharti lake ni kwamba ujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa lami, kwa hiyo nunua kompresa ndogo inayoungwa kwenye betri na kipimo chako mwenyewe. Vipimo vya vituo vya mafuta nimeviona vikitofautiana kwa psi 4 kwa tairi lilelile. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ukumbuke kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, tairi hupoteza psi 1.5 hadi 2. Gari lililojazwa upepo Kisumu saa nane mchana halitasoma vilevile Molo alfajiri.

Na unapoteremka njia inayoteleza, weka 4L (gia nzito ya magurudumu manne) na gia ya kwanza, uiache injini ikushike. Ukikanyaga breki, tairi lililosimama halina meno.

Daktari_wa_Keringet alijibu:

Nawashukuru nyote. Msafiri, nakiri kwamba sikuwahi kupunguza upepo hata siku moja. Nilidhani kukwama kwa gari ni suala la nguvu za injini. Nimechukua A/T nne za 265/65R17 zenye namba 112, na tarakimu zake zinaonyesha kwamba zilitengenezwa mwaka jana. Muuzaji hakufurahi nilipoinama na tochi kuzisoma. Kompresa nimenunua pia. Juzi nilifika Kiptagich na kurudi baada ya mvua ya usiku kucha kwa psi 22, na trekta niliiona ikilima tu.

Fundi, pesa hazikutosha tairi la tano. Spea yangu bado ni H/T ya zamani yenye ukubwa uleule na nusu ya meno yake. Je, nikipata pancha naweza kuifunga?

Fundi_Nyamasaria alijibu:

Unaweza, Daktari, lakini ikupeleke kwa fundi wa pancha aliye karibu, isikupeleke Kisumu. Spea hiyo ikiwa kwenye gari, usiwashe kufuli ya difu ya katikati ukiwa kwenye lami au ardhi kavu. Na kwa kuwa magurudumu yako manne yamefunguliwa juzi, kaza nati zote upya ukishatembea kilomita 50 hadi 100.