Mtoto anatokwa damu puani usiku, nimfanyie nini?

mama_junia: Habarini wapendwa, mwanangu wa miaka 5 tangu tuhamie Dodoma huu upepo wa kipupwe umemshika, wiki hii mara 3 naamka nakuta mto umelowa damu, bibi yake anasema alale chali nimkamulie limao puani lakini analia sana, naombeni msaada jamani

Baba K: Pole sana dada. Limao acha kabisa, linamchoma bure. Na usimlaze chali wala kumrudisha kichwa nyuma, damu inashuka kooni anaimeza halafu anatapika. Mkalishe, ainame mbele kidogo, bana ile sehemu laini ya pua chini ya mfupa, dakika 10 kwenye saa bila kuachia achia kuchungulia, apumue kwa mdomo. Wengi tunakosea tunabana juu kwenye mfupa, haisaidii kitu

mama_junia: Asante kaka, kumbe ndo maana juzi alitapika damu nikachanganyikiwa

Bi Mwana: Mwanangu, pua imekauka hiyo. Mpake mafuta ya mgando kidogo tu ndani ya tundu kabla ya kulala, na kucha mkate fupi, maana wanachokonoa usingizini bila kujijua. Wangu niliweka na beseni la maji chumbani, mbali na kitanda.

Baba K: Nyongeza, ikipita nusu saa haijakata, au ana madoa madoa ya damu mwilini, au fizi nazo zinatoka damu, kimbia hospitali usiku huohuo