TES VI: uchawi uwe wa Morrowind, wa Oblivion au wa Skyrim?

Kombora25
Wakuu, tangu Bethesda, watengenezaji wa michezo ya The Elder Scrolls (TES) kama Morrowind, Oblivion na Skyrim, waonyeshe kile kionjo cha TES VI chenye milima na pwani Juni 2018, watu wanabishana ukubwa wa ramani. Mimi naomba mchawi apewe haki yake. Kwenye Skyrim, kombora la moto la Firebolt linapiga madhara 25 ukiwa unaanza, na ukifikisha 100 kwenye Destruction (ujuzi wa uchawi wa kushambulia) bado linapiga 25. Incinerate, kombora la moto lenye nguvu zaidi, ni 60. Weka perki (nyongeza za ujuzi) zote mbili za Augmented Flames, zinazokuza moto, inafika 90, basi. Adui mwenye uhai 1000 anakula makombora 12. Mwenye upanga anabebwa na ujuzi, perki, uhunzi na uchawi uliotiwa kwenye silaha, vyote kwa pamoja. Mnachagua mfumo upi?

Jicho_la_Paka
Oblivion, bila kusita. Ukishakubaliwa Arcane University, chuo cha wachawi, unasimama kwenye madhabahu na kujitungia uchawi wako: athari, nguvu, sekunde, upana wa eneo, wa kugusa au wa kurusha mbali. Hapo kuna hesabu tamu. Gharama inapanda haraka kuliko nguvu, kwa hiyo moto wa 10 kwa sekunde 5 unakula magicka (nguvu ya kurushia uchawi) pungufu kwa kama theluthi moja kuliko moto wa 50 wa mpigo mmoja, na jumla ya madhara ni ileile. Adui akikimbia anaendelea kuungua.

Kombora25, nyongeza ndogo: kwenye Skyrim dawa ya Fortify Destruction inaongeza madhara kweli, ila inadumu sekunde 60. Vazi lenye jina hilohilo linapunguza gharama tu. Wengi wanachanganya.

Shoka Butu
Madhabahu nayataka, lakini yarudi na kufuli. Oblivion ilivunjika sehemu mbili. Ya kwanza Chameleon, uchawi wa kutoonekana: vazi moja 20%, vipande vitano ni 100%, maadui wanakupita kama hewa. Ya pili Weakness to Magic, uchawi wa kumdhoofisha adui asihimili uchawi: tunga mbili zenye majina tofauti, zirushe kwa zamu, kila moja inaikuza inayofuata mpaka bosi anaanguka kwa cheche. Dawa yake ni kwamba athari ya aina moja isijirundike, hata ikipewa jina jingine, na Chameleon ipewe kikomo. Skyrim imefunga kinga ya uchawi ya mchezaji kwenye 85%, kwa hiyo wanajua kufanya hivyo.

Vumbi la Majivu
Mnaisahau Morrowind. Uchawi unaweza kufeli na magicka ikaenda, na ukiwa umechoka unafeli zaidi. Hilo la kufeli libaki hukohuko, linakera mno leveli za chini. Ninachokililia ni Levitation, uchawi wa kuelea hewani. Iliondolewa Oblivion kwa sababu miji ilikuwa ramani za pembeni zinazopakiwa ukipita mlangoni: ukiruka ukuta unakuta mji mtupu. Miji ikiwa wazi, bila mlango wa kupakia, irudi.

Kombora25
Shoka Butu umenishawishi, kufuli lazima. Basi ombi langu: madhabahu ya Oblivion, halafu kila pointi ya Destruction iongeze madhara 0.5%. Ukifika 100, Incinerate na perki zake ni 135, na yule adui wa 1000 anaanguka kwa makombora 8. Na ule mtindo wa Skyrim wa kuvaa vipande vinne, kila kimoja kikipunguza gharama 25%, mpaka uchawi uwe bure, ufungwe, la sivyo magicka inabaki pambo.

Jicho_la_Paka
Wafunge punguzo la gharama kwenye 75%. Bado utahisi faida, na chupa za magicka zitakuwa na kazi.