Naomba ushauri: neno Linux kwenye kibao cha duka

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natengeneza kompyuta hapa Kongowea, Mombasa. Juzi fundi amenichorea kibao, jina la duka lina neno Linux, ile programu ya kuendesha kompyuta, kwa herufi kubwa za samawati. Mteja mmoja akasimama mlangoni, akaniambia hilo jina lina mwenyewe.

Nimesoma, ni kweli. Programu ni ruhusa kunakili na kugawa, lakini jina ni alama ya biashara ya Linus Torvalds, aliyeianzisha programu hiyo. Marekani mtu mwingine aliwahi kulisajili, mvutano ukaisha 1997 Torvalds akakabidhiwa. Shirika la Linux Foundation hutoa leseni ya jina bila malipo.

Je, niiombe leseni hiyo kwanza ndipo niende KIPI, ofisi ya Kenya ya kusajili alama za biashara, kusajili jina la duka, au nifute tu? Rangi haijakauka vizuri, na roho haijatulia. Aliyepitia haya anieleze, tafadhali.